Sikio la Kulia la Mjomba

Mjomba wangu alianza kupokea simu kwa sikio la kushoto mwaka wa tatu baada ya kustaafu. Siku hiyo nilikuwa nimekaa naye barazani. Simu iliita, mkono wake wa kulia ukaipeleka kwenye sikio la kulia kama ilivyokuwa siku zote, akasema "haloo" mara mbili, kisha akaihamishia upande wa pili haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Kwa mtu mwingine jambo hilo lisingekuwa na uzito wowote. Lakini mjomba ni mtu aliyelisha watoto watano kwa sikio lake la kulia, kwa miaka thelathini na minne.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza mabomba. Idara ya maji ilimwajiri akiwa kibarua wa kuchimba mitaro, na mzee mmoja aliyekuwa akikaribia kustaafu akamwona anavyogeuza kichwa kila akipita juu ya bomba, akamchukua. Alimwachia fimbo ya chuma yenye urefu wa kifua cha mtu, upande mmoja ina ncha butu, upande wa pili ina kikombe cha mbao. Unaiegemeza ncha kwenye bomba au kwenye mfuniko wake barabarani, unaweka sikio kwenye kikombe, unaziba sikio la pili kwa kidole. Maji yanayopita kwenye bomba zima hayasemi kitu cha maana. Maji yanayotoka pasipopaswa yana sauti yake. Mjomba alikuwa akisikiliza, anahama hatua mbili, anasikiliza tena, halafu anachora alama ya chaki na kusema, "Hapa." Wachimbaji wakichimba, panakuwa hapo. Ndiyo maana mjini hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Sikio, hata na mchungaji wake.

Alipostaafu alirudi nyumbani na fimbo ile. Haikuwa zawadi. Aliichukua tu, na mimi ninayeshika stoo ya idara hiyohiyo niliiandika kwenye daftari kuwa imechakaa. Majirani wakawa wanamjia: bili imepanda, hakuna anayeona maji yanakopotelea. Anakwenda na fimbo yake, anainama kidogo kwa ajili ya heshima ya jina, halafu anawaambia wafunge kila kitu, anachuchumaa mbele ya mita na kutazama kigurudumu kidogo kinachozunguka. Anafunga koki moja baada ya nyingine mpaka kigurudumu kisimame. Kisha anasema, "Ni choo cha nje." Watu wanasema Sikio bado anasikia. Alikuwa akiona, si kusikia. Mkewe alilijua hilo, na mimi nililijua, ingawa hakuna aliyeniambia.

Jumatatu moja, saa kumi alasiri, nilimpeleka Injinia nyumbani kwake. Injinia ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkuu wa mabomba ya mji mzima, na alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili tu tangu aletwe kwetu. Njiani hakusema neno ila kuniuliza kama mzee anakunywa chai ya sukari, kwa sababu alikuwa amenunua sukari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapa," mjomba akasema, akamwonyesha kiti kilichokuwa kushoto kwake, ingawa cha kulia ndicho kilichokuwa na mto.

Injinia alieleza bila kuzunguka. Ukuta wa wodi ya wazazi pale kliniki ulikuwa umepasuka kuanzia dirishani hadi chini. Ardhi ya nje ya ukuta ililowa ilhali mvua haikunyesha kwa wiki tano. Walichimba shimo dogo kando ya msingi, likajaa maji safi yenye harufu ya dawa, kwa hiyo ni maji ya bomba. Yalikuwepo mabomba mawili tu yanayoweza kuyatoa. Moja linapita barabarani, mita nne kutoka ukutani. La pili ni la zamani, lina maji ya mtaa wa nyuma, linapita chini ya sakafu ya wodi yenyewe.

"Mashine ya ofisi ya kusikilizia je?" mjomba akauliza.

Injinia akanitazama.

"Iko rafu ya tatu," nikasema. "Inasubiri kipuri tangu mwaka jana."

"Basi inasubiri kwa adabu," mjomba akasema. "Na Sululu anasemaje?"

Sululu ni foromani wa wachimbaji. Aliwahi kuwa chini ya mjomba kwa miaka kumi na miwili.

"Anasema tuvunje sakafu ya wodi."

"Sululu hata akipoteza funguo za nyumba huchimba."

Injinia hakucheka. "Mzee, mwisho wa wodi ile kuna chumba cha joto. Wamo watoto watatu waliozaliwa kabla ya siku zao. Tukivunja sakafu, lazima wapelekwe hospitali kubwa, na ni saa nzima kwa gari. Daktari ameniambia wazi kwamba hawezi kunihakikishia kuwa wote watatu watafika. Na tusipovunja, na bomba likawa liko chini yao, sakafu itatitia na wao wakiwa juu. Nataka mtu aniambie ni bomba lipi. Nimeuliza kila mtu, wote wamenitajia wewe."

Mjomba aliitazama sukari iliyokuwa mezani kwa muda mrefu.

"Nitakuja kesho alfajiri," akasema, "kabla magari hayajaanza."

Injinia alipoondoka, mkaza mjomba alitoka jikoni akiwa na kitambaa mkononi.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Mficha maradhi, unajua kinachomuumbua."

"Haya si maradhi, ni uzee."

"Basi ungemwambia uzee."

Jumanne saa kumi na moja na dakika arobaini tulikuwa kliniki. Mjomba alivaa koti lake la zamani la kazi, lile lenye mfuko mrefu wa chaki. Injinia, Sululu na wachimbaji wanne walisimama mbali kidogo, kama watu wanaomsubiri mtu amalize sala. Akapiga goti kwenye mfuniko wa kwanza. Sikio la kulia. Akakaa. Akahamia la kushoto. Akainuka, akaenda wa pili. Niliandika saa ya kila mahali, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya na mikono yangu. Mahali sita. Mahali pa tatu alitikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya zamani alipoanza kukaribia. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba kichwa kile kilitikiswa kwa ajili yetu.

Muuguzi mkuu wa wodi alitoka akiwa na sweta juu ya gauni. Hakutusalimia. Alimshika mjomba mkono, akampeleka hadi dirisha la mwisho, nami nikawafuata. Ndani, chini ya taa ya njano, kulikuwa na visanduku vitatu. Mtoto wa karibu alikuwa amevishwa soksi ya mtu mzima kichwani badala ya kofia.

"Huyo ana kilo moja na robo," muuguzi akasema. "Jana alipungua. Baba, mimi sitaki maneno ya mabomba. Niambie tu, niwahamishe au niwaache?"

"Nipe hadi kesho," mjomba akasema.

Tuliporudi barabarani Sululu alikuwa akitafuna kijiti. "Bwana Sikio, zamani ulikuwa ukiinama mara moja, tunachimba. Leo umeinama mara sita kama anayetafuta sindano."

"Zamani magari yalikuwa machache."

Lilikuwa jibu la kweli, ila barabara ile alfajiri hiyo haikupitiwa na gari hata moja.

Jumatatu, kwa agizo la Injinia, nilikuwa nimebandika kwa saruji vipande vitatu vyembamba vya kioo juu ya ufa wa ukuta, cha juu, cha kati na cha chini. Ukuta ukisogea, kioo huvunjika, hakina namna ya kuficha. Saa tatu asubuhi ya Jumanne nilikwenda kuviangalia. Cha kati kilikuwa kimekatika kwa mstari mmoja ulionyooka. Nilimwonyesha Injinia. Alikigusa kwa ukucha.

"Kesho saa sita mchana," akasema. "Nikiwa sina jibu, tunawahamisha na tunavunja. Gari la wagonjwa nimeshaliomba, litakaa hapahapa."

Jioni hiyo nilipita kwa mjomba. Nilimkuta uani, amesimama karibu na karo, ameupa mgongo mfereji.

"Mpwa, umekuja wakati mzuri. Fungua koki hiyo kidogo, halafu uifunge. Usiniambie lini."

Nilifungua. Maji yalitoka kwa uzi mwembamba na kugonga ndoo. Mjomba hakugeuka. Nikafunga. Nikasubiri.

"Sasa umefungua," akasema.

Sikujibu upesi, na hilo lilitosha kuwa jibu. Akaigeuza ndoo nyingine, akakaa juu yake.

"La kulia limekufa kabisa. La kushoto linachechemea. Na katikati yake kuna kitu kama birika linalochemka, mchana na usiku, halizimwi. Leo pale barabarani nimesikiliza birika langu mara sita."

"Kwa nini usimwambie Injinia?"

"Nikimwambia, atavunja. Hana mwingine wa kumuuliza. Nikisema ni chini ya sakafu, wale watoto watapakiwa garini kwa neno la kiziwi. Nikisema ni barabarani, nikakosea, wanazama na nyumba. Nikinyamaza, kesho saa sita mchana inafika yenyewe." Akajipangusa usoni kwa kiganja. "Na mimi nitakuwa nani? Jina langu lenyewe ni Sikio."

Mkaza mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Baada ya muda mjomba akauliza, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, "Hivi, Sululu alijuaje kwamba si bomba la barabarani?"

Nilikuwa na daftari mfukoni. "Jumapili walichukua ufunguo wa valvu saa nne asubuhi, wakaurudisha saa tano na dakika kumi. Walifunga valvu ya kona, inayokata bomba lote la barabara ile. Maji kwenye shimo hayakupungua. Ndiyo wakasema basi yanatoka chini ya sakafu."

"Aliyeona watu wa mtaa ule wamekosa maji ni nani?"

"Hakuna aliyeuliza. Kila nyumba ina tangi."

"Waliizungusha mizunguko mingapi?"

Hilo nalo nilikuwa nimeliandika, kwa kuwa fomu ya ufunguo ina nafasi yake, ingawa hakuna anayeisoma. "Miwili na nusu, ikakaza."

Mjomba aliinuka kutoka kwenye ndoo. Kisha mikono yake miwili ikainuka hewani, ikashika kitu ambacho hakikuwepo, ikazungusha polepole, kwanza kulia, halafu kushoto. Ilizungusha kushoto mara nyingi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Valvu ile haifungwi kwa miwili na nusu," akasema. "Inafungwa kwa kumi na tisa. Miwili na nusu ndiyo niliyoiachia mimi. Ukifungua valvu usiiache imefika mwisho, unairudisha kidogo isije ikagandia. Mpwa, Sululu hakuifunga. Aliimalizia kuifungua."

Akanieleza. Mwaka mmoja, zamani, idara ilipokea valvu nne za aina nyingine. Zilikuwa nzuri kwa kila hali ila zilifungwa kwa kuzungusha kushoto, kinyume cha nyingine zote za mji. Hakukuwa na za kubadilisha, zikafukiwa hivyohivyo, na mifuniko yake ikapakwa rangi nyekundu ili mtu akumbuke. Lami ilipokuja, wenye lami walibadilisha mifuniko yote. Rangi ikaenda na mifuniko, na waliokuwa wakikumbuka wakaenda mmoja mmoja.

"Una hakika ile ya kona ni mojawapo?"

Aliitazama mikono yake. "Mikono ina hakika. Kichwa sikijui."

"Basi kesho tuwaambie wazungushe kushoto, yaishe."

"Yaishe?" Sauti yake ilipanda. "Valvu hiyo haijafungwa kwa miaka kumi na moja. Ikikatikia katikati, kliniki nzima haina maji, na wale watoto bado wako palepale. Na hata isipokatika, utajuaje kwamba imeziba sawasawa? Uchafu ukikaa kwenye mdomo wake inakaza kama iliyofungwa, kumbe maji yanapita. Anayejua ni anayesikiliza wakati inafungwa. Ilikuwa mimi."

Jumatano saa moja na nusu asubuhi sote tulikuwa kwenye kona. Sululu alikuwa na ufunguo wa valvu, kile chuma kirefu chenye mkono wa msalaba juu. Kule wodini nyundo kubwa na tindo zilikuwa zimeshapangwa ukumbini. Gari la wagonjwa lilisimama langoni, mlango wa nyuma wazi.

Mjomba alimwendea Injinia moja kwa moja. Nilidhani angemvuta pembeni, lakini alisema mbele ya wote.

"Kabla ya yote. Sikio langu la kulia halisikii. La kushoto linasikia nusu. Jana nilipiga magoti mahali sita nikakudanganya."

Sululu alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akatazama nyuso zetu akaacha.

"Jana hukusikia chochote?" Injinia akauliza.

"Nilisikia kichwa changu."

Injinia alivua kofia ya kazi, akaishika kwa mikono miwili. "Mzee, nimepoteza siku nzima kwa ajili yako. Kioo kimevunjika ndani ya siku hiyo. Unajua?"

"Najua."

"Ungeniambia Jumatatu."

"Ningekwambia Jumatatu."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Akaeleza habari ya valvu. Alieleza vizuri, kwa kifupi, na kila alipomaliza jambo alisimama kidogo kumpa Sululu nafasi ya kubisha.

"Valvu hufungwa kulia dunia nzima," Sululu akasema.

"Hii hapana."

"Nani anakumbuka?"

"Mimi. Na huenda nimekosea."

"Ikikatika je?"

"Ikikatika, kliniki haina maji na kosa ni langu."

"Kosa litakuwa lako, lakini ndoo tutabeba sisi," Sululu akasema, ila alishaanza kukunja mikono ya shati.

Injinia alitazama saa yake, akatazama gari langoni. Kisha akanituma kwa muuguzi mkuu nimwambie ajaze kila chombo alicho nacho, mabeseni, ndoo, hata birika. Ilichukua dakika ishirini na tano. Niliporudi nilimkuta Injinia amepiga goti kwenye lami, sikio lake kwenye kikombe cha mbao, kidole kwenye sikio la pili. Mjomba alikuwa amemwinamia.

"Sasa hivi utasikia kama mchele unapepetwa mbali. Upo?"

"Upo. Nadhani."

"Tukiifunga utakuwa mwembamba na mkali. Karibu na mwisho utakuwa kama mtu anayefyonza meno. Halafu unakata. Usiwahi kusema umekata. Bwana Sululu, kushoto. Taratibu. Hiyo si sululu."

Walishika pamoja, mjomba upande mmoja, Sululu upande wa pili. Chuma kililia. Mimi nilichora mstari kwa kila mzunguko. Mmoja. Miwili. Mitatu. Ilipofika wa tatu bila kukaza, Sululu alimtazama mjomba kwa macho ya mtu aliyekanyaga ngazi ambayo hakujua ipo. Wakaendelea kuzungusha. Saba. Nane. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka mjomba kando ya masikio.

Wa kumi na tatu ulikataa.

"Mwisho," Sululu akasema.

"Si mwisho. Injinia?"

"Nasikia bado. Imekuwa kali."

Sululu akaweka uzito wake wote juu ya mkono wa ufunguo. Mjomba akamzuia kwa bega. "Ukiilazimisha inakatika. Rudi kulia miwili. Maji yasafishe mdomo." Walirudi miwili. Walisubiri. Wakaenda mbele mitatu. Chuma kilitetema mikononi mwao, kikapita. Niliona mjomba amefumba macho. Kumi na tano. Kumi na sita.

"Kama meno," Injinia akasema.

Kumi na nane. Kumi na tisa. Ufunguo ukasimama, safari hii bila kulia, kama mlango uliofika kwenye fremu yake.

"Imekata," Injinia akasema.

"Una hakika?"

"Sisikii kitu."

"Usiniambie husikii kitu. Hata mimi sisikii kitu. Niambie unasikia nini."

Injinia alikaa vilevile kwa muda, shavu kwenye mbao. "Nasikia gari, mbali. Nasikia mtu anafagia." Akakandamiza shavu zaidi. "Nasikia damu yangu."

"Basi imefunga."

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Nilishuka kwenye shimo la kando ya ukuta na rula ya chuma. Saa mbili na dakika arobaini maji yalikuwa sentimita thelathini na nane kutoka ukingoni. Dakika tano baadaye, thelathini na nane. Dakika tano nyingine, thelathini na nane. Nilipaza sauti kila nilipopima. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama dirishani. Dereva wa gari la wagonjwa alitoka, akaja kutazama, akarudi. Mjomba alikaa kwenye tofali, ameuangalia ukuta, si shimo. Alikuwa akisubiri kuona kama utamwangukia.

Saa mbili na dakika hamsini na tano nilipima mara mbili kabla ya kusema, maana niliogopa kuisoma rula kwa matumaini.

"Thelathini na tisa."

Saa tatu na robo ilikuwa arobaini na tatu. Maji yalikuwa yakishuka, hakuna kilichoyajaza. Chini ya sakafu hapakuwa na bomba linalovuja.

Injinia alikwenda mwenyewe dirishani kumwambia muuguzi mkuu awaache watoto. Sikusikia maneno. Nilimwona muuguzi anakaa kwenye kiti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na baadaye dereva akafunga mlango wa nyuma wa gari.

Kutafuta pahali penyewe kulichukua saa nne. Walifungua valvu kidogo tu ili bomba liongee, Injinia akasikiliza hatua kwa hatua, mjomba akimuuliza maswali kama daktari. Inatoka mbali au karibu? Nene au nyembamba? Ukihama inakufuata? Alama ya kwanza ya chaki ilikuwa kosa. Sululu alichimba zaidi ya mita moja na kukuta udongo mkavu, akaegemea sululu yake na kusema, "Hata sikio jipya linahitaji kuvunja ungo." Ya pili ilikuwa hatua mbili kuelekea kliniki. Saa nane kasoro dakika kumi mtaro ulijaa maji miguuni mwa wachimbaji, na kiungo cha bomba kilichokuwa kimeachia kikaonekana, maji yakitoka kwa upande mmoja, yakielekea moja kwa moja kwenye msingi wa wodi.

Nilitarajia mjomba afurahi. Alikaa kwenye lile tofali akitazama mtaro, mikono katikati ya magoti. "Ningeinuka jana nikasema hapa," akaniambia, "kwa kubahatisha, ningeonyesha pale kwenye lango. Nilikuwa nimeshapachagua."

Jumatatu iliyofuata Injinia alimwita ofisini. Hakuwa amemsamehe kabisa, na hakuficha. Alimpa kiti, chai, na mimi na daftari jipya.

"Mzee, nataka valvu zote unazozijua. Zilipo, zinazungushwa wapi, mara ngapi."

"Nitakutajia zote."

"Sijamaliza. Nataka kurasa mbili. Upande mmoja zile una hakika nazo. Upande wa pili zile huna hakika. Ukiweka moja ya huku ikaenda kule, tutarudi palepale pa Jumanne."

Mjomba aligeukia dirisha. Kwa muda nilidhani angenyanyuka aondoke. Miaka thelathini na minne aliishi kwa neno moja, "hapa", na sasa alikuwa anaombwa aseme neno lingine, tena mbele ya mpwa wake anayeandika kila kitu.

"Andika," akaniambia.

Tumeandika kwa wiki tatu sasa. Anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili. Valvu thelathini na moja ana hakika nazo. Arobaini na sita hana. Kila akisema "sina hakika" anaondoka siku ya pili yake na Sululu kwenda kufukua mfuniko, na wakirudi tunahamisha mstari mmoja kutoka upande huu kwenda ule. Sululu anasema hajawahi kuchimba mashimo madogo hivi maishani mwake, anaona aibu.

Kati ya zile nne zinazofungwa kushoto, tatu tumezipata na kuzipaka rangi nyekundu. Ya nne hatuijui. Mjomba anasema iko kati ya mitaa miwili, wa shule au wa soko kuukuu, na Injinia ameandika barua kwamba asiguse mtu yeyote valvu ya mitaa hiyo mpaka ijulikane. Mtaa wa soko kuukuu una kituo cha zimamoto, na valvu ikifungwa kimakosa magari yake yatakosa maji, ndiyo maana mjomba halali vizuri. Mkaza mjomba ananiambia usiku anaona kivuli chake ukutani, anazungusha mikono hewani, kulia, kushoto, anasimama, anaanza upya.

Jana jioni alinipigia kuniambia ni mtaa wa shule, mkono wa kushoto ukitoka langoni. Alisema amekumbuka hadi siku waliyoifukia, jua lilivyokuwa kali. Niliandika upande wa zile ana hakika nazo, nikaweka tarehe. Leo asubuhi, kabla sijavaa viatu, simu ikaita tena.

"Mpwa," akasema, "ile ya jana ihamishe."